Ndoo Tatu za Maji Meupe

Mwezi wa saba huku kwetu mlima hupotea. Unajua upo, nyuma ya mapaa ya majirani, lakini ukifungua dirisha asubuhi unakuta weupe mtupu, na mpaka saa tano au saa sita hakuna wa kukuthibitishia kwamba Meru haujahama. Ni mwezi wa kuvaa sweta ndani ya nyumba na kunywa chai bila kiu. Mwaka ule, katika mwezi huo, nilikuwa na wageni wawili. Wa kwanza ni mama mkwe wangu, aliyeshuka kutoka kwake mlimani kuja kutolewa mtoto wa jicho. Wa pili alikuwa anakuja na basi kutoka Tanga, ndani ya boksi jeupe la kubebea samaki, na sikuwa nimemwambia mtu kwamba huyo wa pili nilimsubiri kwa hamu kuliko wa kwanza.

Mimi nashona mapazia. Duka langu liko Levolosi, nyumba yangu iko Engutoto, na mume wangu yuko kwenye ujenzi wa barabara huko Singida, anarudi mwisho wa mwezi akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Miaka michache nyuma niliitwa kutundika mapazia kwenye hoteli moja njia ya Kisongo, iliyokuwa inabadilisha kila kitu. Pale mapokezi palikuwa na tangi kubwa la kioo, kavu, limejaa magazeti ya zamani. Nikauliza linakwenda wapi. Wakaniambia linakwenda jalalani, nikilitaka nilibebe. Nilikwenda kutundika mapazia, nikarudi na tangi, na vijana wanne wa kulishusha, na mume wangu kwenye simu akiuliza kama nimerogwa.

Sikurogwa. Nilikuwa nimeiona bahari mara moja tu maishani, nikiwa na miaka ishirini, kwaya ya usharika wetu wa Kilimanjaro ilipoalikwa Tanga. Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, nikatembea peke yangu juu ya mawe hadi nikafika kwenye kidimbwi kidogo. Ndani yake palikuwa na kitu nilichodhani ni ua. Vidole vyake vingi vilikuwa vinapepea polepole, bila upepo, na katikati yake samaki wawili wa rangi ya chungwa walikuwa wanajigaragaza. Nikatia kidole. Lile ua likanishika. Halikuuma, lilinishika tu, kama mtoto mchanga anavyoshika bila kujua ameshika nini. Baadaye nilijifunza kwamba si ua, ni mnyama, anaitwa anemoni, ana mguu mmoja wa kung'ang'ania jiwe na mdomo katikati ya vidole. Lakini kwa miaka mingi, nikiwa kwenye cherehani, mguu wangu ukikanyaga na akili ikiwa imeenda zake, kidole hiki cha shahada bado kilikuwa kinakumbuka.

Basi nikatengeneza bahari sebuleni. Nilijifunza kwenye simu, dukani, huku nashona. Maji ya bomba ya huku hayafai, yana floraidi nyingi, ndiyo hiyo iliyompa mama mkwe wangu na wenzake waliokulia chini ya Meru meno ya rangi ya chai. Nikawa natumia maji yaliyochujwa, yale ya madumu makubwa ya kunywa, na kuyachanganya na chumvi maalumu ya bahari. Mume wangu alisema samaki wangu wanakunywa maji mazuri kuliko yeye. Nikamwambia wao hawalalamiki.

Anemoni wa kwanza nilimuua mimi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Sikujua kwamba anemoni hutembea. Jumapili moja nilikwenda kanisani nikamwacha juu ya jiwe lake, nikarudi nikamkuta amefika kwenye pampu, na pampu imemsaga. Anemoni akifa ndani ya tangi hafi peke yake, huchafua maji na kuondoka na wenzake. Samaki wanne walikufa kabla ya jua kuzama. Walibaki wawili, wale wa rangi ya chungwa, dume na jike, na tangu siku hiyo walihamia ndani ya kipande cha chungu kilichovunjika, wakawa wanajisugua kwenye ukingo wa udongo kana kwamba ukingo ungeota vidole. Nilikuwa siwezi kuwaangalia kwa muda mrefu. Nilijiambia nitajaribu mara moja tu tena, na huyo wa pili akifa, tangi linarudi kuhifadhi magazeti.

Mama mkwe alifika wiki mbili kabla ya mgeni wa Tanga. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia weupe. Alikuwa anaishi, kama alivyosema mwenyewe, ndani ya ukungu usiopanda wala kushuka. Nyumbani kwake alijua kila jiwe, kwa hiyo alitembea bila shida, lakini kwangu aligonga meza, akagonga kabati, akaliomba radhi kabati. Mahali pekee alipopapenda ni pembeni ya tangi, kwenye pembe kati ya dirisha na ukuta. Kioo kilikuwa cha moto kidogo, maana maji ya ndani lazima yawe na joto la pwani, na kwa baridi ile alikuwa anaweka viganja vyake viwili juu ya kioo na kuota joto kama watu wanavyoota moto. Aliweka kigoda chake hapo. Alikuwa haoni samaki. Alikuwa anaona, aliniambia, dirisha la buluu ambalo nyuma yake kuna siku nyingine.

Niseme ukweli, tulikuwa hatujazoeana. Mimi ni Mchaga, ninaongea haraka, ninapenda mambo yaishe leo. Yeye ni Mmeru wa shamba na ng'ombe, neno lake moja linachukua muda wa kikombe kizima cha chai. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, umelalaje, nimelala salama, na baada ya hapo tulikuwa tunasikiliza pampu.

Walimfanyia jicho la kulia kwanza, la kushoto lingesubiri. Kesho yake plasta ikatolewa. Mimi ndiye nilikuwa mbele yake. Aliniangalia kwa muda, jicho limelowa na limekuwa jekundu, nikawa nangoja maneno makubwa. Akasema, "Kumbe na wewe una mvi." Nesi alicheka hadi akashika kitanda. Mimi nilicheka baadaye, njiani.

Masharti yalikuwa mengi. Dawa ya matone mara nne kwa siku, asiiname, asijikune, maji yasiingie, na moshi wa kuni hata asiusogelee, ndiyo maana ilibidi abaki kwangu mpaka dawa iishe. Nilikuwa nafungua duka asubuhi na kurudi saa sita na saa kumi kumtia matone. Kitu alichokuwa anakitaka kuliko vyote ni kuuona mlima. Alikuwa ameishi juu yake miaka yote, na kwa miaka ya karibuni alikuwa anaukanyaga tu bila kuuona. Kila nikirudi aliuliza kama umetoka. Nilikuwa namjibu bado, mama, mawingu.

Anemoni aliwasili siku ya Jumamosi. Hakutoka baharini. Mtu wa Tanga aliyenitumia huwafuga kwenye matangi yake, wanajigawa, na huyu alikuwa nusu ya mwenzake. Kwa hiyo hakuwahi kuiona bahari hata siku moja, sawa na mama mkwe wangu. Nilimkuta ndani ya mfuko wa maji, amenywea, ukubwa wa kitunguu kidogo, rangi ya kahawia yenye waridi kwenye ncha. Nilikuwa nimejiandaa. Pampu zote nilikuwa nimezivika sponji na kuzifunga kwa uzi wa nailoni. Nilinunua mpira wa dripu kwenye duka la dawa, nikautumia kudondosha maji ya tangi tone kwa tone ndani ya beseni lake, ili mwili wake uyazoee maji ya Engutoto taratibu. Mama mkwe alisogeza kigoda, akaangalia tone likianguka, jicho lake jipya likifuata kila moja.

"Huyu naye amelazwa?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, amelazwa, lakini wodi ya watu wa pwani.

Nilimweka juu ya jiwe zuri la mbele, pale ambapo mtu akiingia mlangoni anamwona. Nilikuwa nimeshaipanga picha hiyo kichwani, mapazia ya kijivu pembeni, taa ya buluu, na yeye katikati amechanua. Hakuchanua. Siku ya kwanza alijikunja. Siku ya pili aliachia jiwe, akabingirika hadi nyuma. Nikamrudisha mbele. Nilimpigia simu mtu wa Tanga, naye akasema nimwache, nisimshike, nisimlishe, nisimhamishe, atakwenda mwenyewe anakotaka. Nikasema sawa. Siku ya tatu nikamhamisha tena. Mimi kazi yangu ni kupima na kuvuta kitambaa mpaka kikae, na nilikuwa sijui njia nyingine ya kupenda kitu.

Siku ya nne hakushika tena jiwe lolote. Alikuwa amelala kwenye mchanga, kama soksi iliyovuliwa. Samaki wawili walikuja hadi karibu, wakamwangalia, wakarudi kwenye chungu chao. Kila niliporudi nyumbani nilivua viatu na kwenda kwenye kioo kabla sijasalimia, na ninaona aibu kuandika hivyo. Mama mkwe aliniuliza anaumwa nini. Nilimwambia amegoma kula, amejikunja, hataki kufunguka, na akifa wale wengine nao wamekwisha. Akauliza ni siku ya ngapi. Nikasema kesho ni ya tano. Ng'ombe aliyegoma siku tano, kwa mtu kama yeye, si jambo la kusubiri simu ya Tanga.

Siku ya tano nilikuwa na mapazia ya ofisi nzima ya kumaliza. Saa sita nilikimbia nyumbani, nikamtia mama matone, nikatazama soksi yangu mchangani, nikakimbia tena. Saa kumi nilipofunga duka, nilitokea barabarani nikasimama. Mlima ulikuwa umetoka. Umetoka wote, kuanzia mashamba ya chini hadi kileleni, kwa ile rangi yake ya jioni ambayo sijawahi kuipata kwenye kitambaa. Nilitembea haraka huku natabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Nilikuwa nimemchukulia zawadi yake bila kuibeba.

Nilifungua mlango nikakuta bahari yangu imegeuka maziwa.

Sikuona samaki wala mawe. Taa ilikuwa inawaka juu ya weupe mzito, na weupe huo ulikuwa unazunguka polepole, kwa uzuri, kama moshi wa ubani. Juu ya meza ya pembeni kulikuwa na kikombe kitupu, kitambaa cheupe chenye mabaki ya mchanga wa kijivu, na kopo langu la magadi, limefunguliwa.

Nilielewa mara moja. Magadi ninayo kila siku, ndiyo yanayolainisha makande na maharage yangu. Na kwao mlimani ng'ombe akigoma kula hupewa magadi alambe, na kesho yake yuko kwenye majani. Alikuwa ameyaloweka kwenye maji ya moto, akayachuja vizuri kwa kitambaa kama mpishi hodari, akammiminia mgeni wangu kikombe kizima. Magadi yakiingia kwenye maji ya bahari, ile chokaa iliyoyeyuka humo hugeuka unga mweupe, na maji yenyewe huwa makali. Hayo niliyajua. Yeye angeyajulia wapi?

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo kwa tangi, kanga imezungushwa kichwani na kufunga macho yote mawili. Nilidhani amejificha kwa kosa lake. Nikafungua mdomo nimwambie maneno ambayo mtu hamwambii mama wa mumewe. Yeye akawahi. Alinitambua kwa hatua.

"Mwanangu," akasema, "ukungu umerudi."

Nilisimama na mkoba begani. Akaeleza kidogo kidogo, kwa sauti ya chini, kwamba baada ya chakula alimpa mgeni dawa, akaenda kulala bila kungoja, alipoamka akaja akasogeza uso kwenye kioo, akaona ukungu umejaa kila mahali, mweupe kuliko ule wa zamani. Akafumba jicho hapohapo akalifunga, asiliharibu zaidi. Hakutaka kulijaribu tena.

Kwa hiyo nilikuwa na neno moja mkononi. Ni maji, mama. Maneno matatu, tuseme. Mtoto mdogo angeyatamka. Na mimi, nikiwa nimesimama pale, naona kopo langu limefunguliwa na samaki wangu hawaonekani, sikuyatamka. Sikusahau. Sikushtuka nikapoteza sauti. Nilikuwa na hasira, na hasira ilisema, mwache kidogo. Nikaweka mkoba chini, nikaenda jikoni kuchukua ndoo.

Niliingiza mpira ndani ya tangi, nikavuta kwa mdomo, magadi na chumvi vikanichoma ulimi, nikaachia maji yashuke. Ndoo ya kwanza ilijaa. Nikaibeba hadi nje nikaimwaga. Mama hakuuliza ninafanya nini. Ndoo ya pili nikaipigiza sakafuni nilipoiweka, makusudi. Alikuwa ameanza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kimeru, bila maneno kutoka vizuri, ule unaoimbwa kwenye misiba, na vidole vyake vilikuwa juu ya kanga, juu ya jicho, havikandamizi, vimekaa tu. Mwanga wa jioni ulikuwa unapita kwenye pazia nililolishona mwenyewe na kumwangukia magotini. Nikajaza ndoo ya tatu.

Ilipokuwa inajaa, aliacha kuimba.

"Usimwambie mwanangu," akasema. "Amehangaika sana kunileta hospitali. Acha ajue ninaona."

Nilifunga mpira kwa kidole. Hasira yote ikawa haina pa kukaa. Nililia. Nililia nikiwa nimechuchumaa, kidole kwenye mpira, na sasa maneno yalipotaka kutoka yalichelewa kwa sababu nyingine.

"Mama, ni maji," nikasema. "Ukungu uko ndani ya maji. Jicho lako ni zima."

Hakuniamini, na mimi nisingejiamini. Nikamshika mkono, nikamtoa nje kupitia mlango wa jikoni, nikapita naye katikati ya kamba za nguo hadi pale ambapo ukuta wa jirani ni mfupi. Nikamgeuza. Nikamfungua kanga. Nikamwambia afumbue.

Alifumbua kidogo, kisha zaidi. Jua lilikuwa upande, lilikuwa linauonyesha mlima kila mkunjo, misitu myeusi, makorongo, na kile kilele cha mawe. Alisimama mdomo wazi, meno yake ya rangi ya chai yakionekana. Jicho likatiririka machozi, nikaogopa dawa isije ikatoka, nikakosa ujasiri wa kumfuta.

"Kumbe upo," akauambia mlima.

Tulisimama hapo mpaka miguu ikaanza kupata baridi. Kisha akanigeukia, akaniuliza taratibu, kama maji ndiyo yaliyoharibika, yameharibiwa na nini. Nikasema magadi. Alishika kichwa. Akasema amemuua mgeni wangu. Nikamwambia hatujui bado, na nikamwambia pia kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamsumbua siku nne kabla yake, hilo nililisema.

Jioni ile tulifanya kazi pamoja. Nilikuwa na madumu mawili ya maji ya chumvi niliyoyaweka tayari kwa dharura, na mengine nikayachanganya. Yeye hakuruhusiwa kuinama, basi akakaa kwenye kigoda na kushika ncha ya juu ya mpira isiteleze, kwa mikono miwili, makini kama anashika kamba ya ndama. Tulitoa maji meupe, tukatia maji safi, kidogo kidogo. Giza lilipoingia niliwaona samaki wangu, wamejibanza ndani ya chungu, mapezi yanatetemeka, wazima. Anemoni sikumwona kabisa.

Unga ulishuka kwa siku mbili. Ulitua juu ya mawe, juu ya chungu, juu ya kila kitu, laini, na sebule yangu ikawa na nchi ya theluji ndani ya kioo, kitu ambacho si cha pwani wala cha Arusha. Kuna wakati nilikaa kwenye kochi nikasahau kwamba ni maafa. Mama naye alikaa. Tulikuwa tunaangalia samaki wawili wa chungwa wakipita juu ya theluji, kila pezi likiinua vumbi dogo ambalo lilichukua muda kuanguka. Sikumbuki tulizungumza nini, ila nakumbuka kwamba kimya hakikuwa kile cha zamani.

Nilimpata anemoni siku ya tatu, amejisokomeza kwenye ufa wa jiwe upande wa pembeni kabisa, amekuwa mdogo kuliko kitunguu. Nilinyoosha mkono. Mama alinitazama tu, na mimi nikaurudisha. Nikamwachia ufa wake.

Tangu hapo yeye ndiye akawa mlinzi. Mimi nilikwenda dukani, yeye akakaa pembeni ya kioo na viganja vyake. Alikuwa ananipigia simu kwa yale tu yaliyotokea. Leo hajasogea. Leo mguu wake umeonekana, mweupe, umeshika jiwe. Leo samaki mmoja amepita. Nilikuwa naweka simu juu ya cherehani, ninashona huku nasikia pampu yangu mwenyewe ikinguruma upande wa pili, na kupumua kwake.

Siku ya tisa alipiga saa nne asubuhi. Alisema neno moja, njoo. Nilimwacha mteja na mita zake za kitambaa.

Alikuwa amefunguka. Si mbele, si pale nilipompangia. Alikuwa amefungukia upande wa pembeni, kwenye pembe ile ya kigoda, ambako mtu akiingia mlangoni haoni kitu. Ilibidi nichuchumae karibu na magoti ya mama ili nimwone. Vidole vyake vilikuwa vimejaa maji, ncha zimevimba za waridi, vinapepea bila upepo. Yule samaki jike alikuwa anaingia na kutoka, anagusa na kukimbia, kisha akagusa na hakukimbia. Akajilaza. Dume akaja nyuma yake. Nje ukungu ulikuwa umefunika kila kitu hadi kwenye kamba za nguo, na sisi wawili tulikuwa ndani ya mwanga wa buluu, bega kwa bega, tukiangalia asubuhi ya Tanga. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilitaka kuomba radhi, lakini sikujua nianzie wapi, na asubuhi ikapita.

Dawa yake ilipoisha nilimrudisha kwake. Jumapili baada ya ibada majirani walijaa kuangalia jicho, akawasimulia habari ya magadi. Alikuwa msimuliaji hodari kuliko nilivyodhani. Alijicheka, akaiga alivyofunga kanga, akaiga alivyoimba wimbo wake wa msiba. Kila mara alipofika pale penyewe, alisema: "Nikamwambia ukungu umerudi, na mkwe wangu akaniambia palepale, mama, ni maji." Wakacheka, wakanisifu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikaangalia ndani yake.

Alisimulia hivyo mara ya kwanza, ya pili, na mwezi uliofuata mara ya tatu, mume wangu akiwepo. Siku hiyo nilimfuata jikoni. Alikuwa anakoroga makande, jicho lake la pili nalo lilikuwa linasubiri tarehe yake, na moshi ulikuwa kidogo. Nikamwambia, "Mama, haikuwa palepale."

Hakuacha kukoroga.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nahesabu ndoo. Ya kwanza nilidhani unafua. Ya pili uliipigiza. Ya tatu ndiyo ukaja."

Akaonja harage moja, akalitafuna kwa upande, akatikisa kichwa.

"Nipe hayo magadi," akasema, "haya bado."